Gemu Iliyoishia Getini

Huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakuna mtoto aliyegusa gemu mpya kabla Sidonie hajaicheza mwenyewe. Na akishaicheza, subiri uisikie hukumu yake. Mwanamke yule hakuwa na simile. Alitoka kwenye kibanda chake cha gemu, miwani imepandishwa kichwani, akasimama mlangoni na mikono kiunoni, akasema maneno yake machache, akarudi ndani. Akisema mbaya, basi ni mbaya. Hata mchungaji hakuwa mkali hivyo kuhusu dhambi.

Usidhani alizipenda gemu. Thubutu! Kwao Fizi, Kivu ya Kusini huko Kongo, alikuwa mkulima wa mihogo, na angeendelea kulima mihogo mpaka uzee kama angeachwa. Lakini hakuachwa. Alifika Nakivale na watoto wawili wa mkononi na mimba tumboni, mume kabaki huko huko kwa wafu, akapewa kipande cha ardhi ambacho ukipiga jembe linalia kwa mawe. Alihangaika nacho miaka mingi. Siku jirani mmoja alipopata safari ya kwenda Kanada na kuanza kuuza kila kitu mpaka kuku, Sidonie akachukua mashine yake ya gemu, televisheni yenye mstari wa kijani pembeni, na sahani ya sola. Akapanga mabenchi. Watoto wakaja, kila mmoja na sarafu yake, nao ndio waliomlisha kuliko mawe yale.

Sasa hukumu zilianza vipi? Zilianza na bibi wa watu. Mtoto mmoja alitoka kibandani akaenda kwao, akamkuta bibi yake anasonga ugali, akanyakua mwiko na kumlenga nao: "Ta-ta-ta-ta!" Bibi yule alikuwa ameshaona mengi maishani. Akaanguka chini kweli, akakaa hapo akitetemeka mpaka jioni. Kesho yake kina mama wa kanisa wakamjia Sidonie wakiwa wameungana, na alijua wana haki. Akaapa mbele yao kwamba kuanzia siku ile hakuna gemu itakayoingia mle ndani kabla yeye hajaimaliza kwa vidole vyake.

Alizimaliza kwa hasira. Ya kwanza ilikuwa ya vita. "Askari mumoja anaua muji muzima," alitangaza, "hasikii njaa, hasikii usingizi, hana hata mama wa kumulilia. Ule si mutu. Batoto badogo habaingie." Ya pili ilikuwa ya kilimo, na hiyo ilimkera zaidi kwa sababu ilikuwa kazi yake. "Unapanda mahindi asubuhi, mangaribi inaiva. Hakuna nyani, hakuna jua kali, hakuna mutu wa kukuambia hii fasi si yako. Uongo mutupu! Lakini kama umechoka, kuya upumuzike." Ikaja ya kupika kwa mbio, wateja wananuna kwenye meza. Akasema hiyo ni kazi anayo nyumbani kwake tayari, na ya nyumbani haina kifungo cha kuzimia. Ikaja ya wafu wanaotembea. "Banatembea polepole na bado banakufikia, juu wewe unasimama kuokota bitu. Wacha bitu, kimbia."

Kuna moja ya kujenga mji. Alijenga kanisa, akachimba visima, akaweka soko zuri lenye kivuli. Gemu ikamwandikia kwamba wananchi wake wamekasirika kwa kuwa hawana treni. Loo! Siku hiyo alitoka nje amevimba. "Nimebapatia maji safi, banalilia treni! Bende zao!" Wanawake waliokuwa wanapita na madumu walicheka wakakaa chini. Na ile mpya ya mpira, ambayo vijana waliisubiri kama Krismasi? Jasho la wachezaji lilionekana mpaka kwenye shingo, lakini kabla mpira haujaanza inaomba intaneti, ukianza inaomba tena, na Rubondo intaneti unaipata ukipanda kichuguu cha nyuma ya shule. "Gemu omba-omba," akasema Sidonie, akaifungia sandukuni.

Hukumu hizo zilisafiri. Kisimani kwenye bomba, wakati madumu yanasubiri zamu, rafiki yake Mariette ndiye aliyeanzisha kila mara: "Mama Orpa, gemu ya wiki hii iko je?" Orpa ndiye mtoto wa mwisho wa Sidonie, yule aliyekuja naye tumboni. Sidonie akitoa hukumu, kisima kizima kinacheka, na mzazi anakwenda nyumbani akijua amwambie nini mtoto wake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na hakuna aliyemshukuru, lakini ilikuwa yake.

Halafu radi ikapiga. Haikupiga kibanda, ilipiga mti wa jirani, lakini mashine ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua na kunyamaza kimya. Sidonie aliibonyeza, akaipuliza, akaiombea. Wapi! Watoto walikuja wakakaa kwenye mabenchi wakitazama televisheni nyeusi, kisha wakaanza kupungua, wakaishia kurusha mawe huku na huko barabarani. Ndani ya sufuria nako kukaanza kupungua.

Akaifunga mashine ndani ya kitenge, akaenda nayo Mbarara kwa Wahabu. Huyu Wahabu alikuwa na duka dogo karibu na soko, akiuza mashine zilizotumika na kuingiza gemu, na ndiye aliyekuwa akimpelekea Sidonie gemu mpya azicheze kwanza, ili yeye muuzaji ajue ipi itamletea lawama. Aliifungua mashine, akachungulia ndani, akatikisa kichwa na kofia yake.

"Banange, Mama Orpa, mimi nasema nini sasa? Hii mashini imekufa. Umeniletea maiti."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hii ndani yote imechomeka. Hata mimi nikikudanganya, yenyewe haiwezi kukudanganya."

"Basi wewe ni fundi mubaya," akasema Sidonie, akavuta kiti akakaa. Alikuwa karibu kulia na hakutaka mwanamume yule aone. Wahabu hakukasirika, alimzoea. Alimwagizia chai, akakuna ndevu, kisha akakumbuka jambo. Kulikuwa na shirika limefika mjini, watu wa nje, wameshukia hotelini. Walikuwa wametengeneza gemu juu ya wakimbizi, tena kwa Kiswahili, na walikuwa wanatafuta mkimbizi wa kweli aicheze na kutoa maoni mbele ya kamera. Wakipata maoni, alisema Wahabu, wataleta mashine mpya kwenye makazi, kwa ajili ya vijana. Mastulah, binti wa dada yake, ndiye aliyekuwa mkalimani wao.

"Wewe si ndio kazi yako kusema gemu?" Wahabu akamwambia. "Nenda useme. Lakini, nyabo, leo weka sukari kidogo kwa mdomo."

Sidonie aliitazama maiti yake mezani. Akaenda.

Chumba cha hoteli kilikuwa na zulia, na akaona aibu kwa viatu vyake. Mastulah alimpokea vizuri, msichana mwenye hijabu ya bluu na adabu zake. Kulikuwa na mgeni mmoja mrefu, ndevu rangi ya majani makavu ya mahindi, ambaye alimshika mkono kwa mikono yote miwili kana kwamba amefiwa. Pembeni, maboksi ya mashine mpya yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine mpaka karibu na dirisha. Sidonie aliyaona kabla hajaona kitu kingine.

Akapewa maneti, ile ya kushika mkononi na vifungo vyake. Katika gemu ile wewe ni mama. Vita imefika kijijini, una mfuko mmoja, chagua vya kubeba. Hapo Sidonie hakuhitaji kufikiri. Sufuria, chumvi, kitenge, jembe bila mpini. Gemu ikamwandikia: *Mfuko wako ni mzito. Fikiria tena.* Yenyewe ilitaka karatasi, dawa, tochi na simu.

"Simu?" akamgeukia Mastulah. "Siku tulikimbia, simu ilikuwa moja kijiji kizima, ya mwalimu, na haikuwa na moto. Na bile karatasi nitabipikia mu nini?"

Mastulah akatafsiri. Mgeni akaandika kitu haraka haraka, akitabasamu. Sidonie akabeba karatasi zao, akaingia barabarani.

Na barabarani ndiko aliposhindwa kabisa. Njia ilijaa watu wanaokimbia, na kila aliyemfikia, Sidonie alibonyeza kifungo cha kuongea. Mzee mwenye fimbo, alimsalimia. Mama mwenye mtoto mgongoni, alimsalimia. Msichana aliyekaa chini, alisimama akamsalimia. Ungempitaje mtu njiani, tena siku kama ile, bila hata kumwuliza ametoka wapi? Lakini wote walijibu neno moja: *Endelea, usisimame.* Muda ukamwishia, giza likaingia, mama akafa na watoto wake, akarudishwa mwanzo. Akaanza tena. Akasalimia tena. Akafa tena.

Mgeni akasema kitu. Mastulah akasita kidogo kabla ya kutafsiri.

"Mama, anasema usiongee na kila mtu. Hao wengine hawana kazi. Wamewekwa tu kujaza njia."

"Kujaza njia?"

"Ndiyo, mama. Ili ionekane watu ni wengi."

Sidonie aliweka maneti kwenye magoti. Alikuwa ametembea na hao wa kujaza njia. Mmoja wao alimbebea mtoto siku nzima, na hajui jina lake mpaka leo. Damu ilimpanda. Lakini akayatazama maboksi yale, akakumbuka mabenchi matupu na sufuria, akaichukua maneti tena na kuwapita wote, mzee, mama, msichana, bila kusalimia, uso unamwaka kwa aibu kana kwamba watu wa kwao wanamwona. Safari hii hakufa.

Akafika kwenye geti. Lilikuwa geti zuri, limepakwa rangi nyeupe. Muziki ukalia, jua likachomoza nyuma ya mahema, na maandishi makubwa yakatokea: *UMEFIKA SALAMA. MWISHO.*

Sidonie akabonyeza. Akabonyeza kifungo kingine. Akavijaribu vyote.

"Haiingie ndani," akasema.

"Imeisha, mama. Umemaliza," Mastulah akamwambia. "Hongera."

"Imeisha namna gani? Sijapata hata turubai."

Wakawasha kamera. Mastulah aliinama kumrekebishia kola ya nguo, akamnong'oneza: "Mama, sema kitu kizuri tu. Maboksi ni hayo hapo." Binti wa watu alikuwa anamtakia mema, na Sidonie alijua. Akakohoa. Akatafuta sukari ya Wahabu mdomoni mwake.

"Miti iko mizuri," akasema. Kamera ilimsubiri, na mgeni akaitikia kwa kichwa kumtia moyo, kwa upole kabisa, kama anavyotiwa moyo mtoto anayekariri aya kanisani. Upole ule ndio ulioharibu kila kitu. Sidonie akapandisha miwani kichwani na kuweka mikono kiunoni, ingawa alikuwa amekaa.

"Mi ni Sidonie, nakaa Rubondo. Gemu yenu nimeicheza. Bantu ba mule habasalimiane, ule mwenye aliitengeneza hajatembeaka na bantu. Na kwa geti munaandika mwisho. Mi nilipita ule geti inapita miaka kumi. Pale munaandika mwisho, pale njo nilianza kuchimba choo. Pale njo nilianza kulima majiwe. Niko na mutoto anaitwa Orpa. Alizaliwa kisha gemu yenu kwisha. Basi muniambie, ule mutoto iko fasi gani? Muweke kifungo ya kuendelea. Bila ile, gemu mubaya."

Mastulah alitafsiri kwa sauti ndogo, macho sakafuni. Sidonie alikwishajiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na mengine ya kusema juu ya mfuko, na juu ya lile jua la kuchomoza. Lakini mgeni hakugomba. Alivua miwani yake, akafuta macho. Halafu akapiga makofi, na wenzake wakapiga makofi, akamshika tena mikono yote miwili akisema ni maneno mazito sana, mazito sana, na je, wanaweza kuitumia sauti yake?

"Batumie," akasema Sidonie, akidhani wanaipeleka kwa wakubwa wao. "Lakini mutabadilisha?"

Mastulah akauliza. Mgeni akajibu kirefu.

"Anasema watalifikiria sana," akasema Mastulah.

Alirudi Nakivale na maiti yake ndani ya kitenge, amekasirika kuliko alipokwenda. Mtu ukimgombeza akakujibu, unajua amekusikia. Huyu alimlilia. Utafanya nini na mtu anayekulilia?

Msimu mzima wa maharage ulipita bila neno. Sidonie alishaanza kujilaumu kwa ule mdomo wake, na Mariette alishaanza kumsaidia kujilaumu, ndipo siku moja gari jeupe likasimama mbele ya kibanda na maboksi yakashushwa. Eh, mama! Mashine mpya, televisheni isiyo na mstari, sahani ya sola kubwa kuliko paa. Watoto walitoka kila upande. Sidonie aliimba, alicheza, alimbeba Mariette juu juu. Alipika chai ya watu wote. Kisha akawasha.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na gemu moja. Ile ile. Alijaribu kuingiza ya kilimo, ikakataa. Ya wafu, ikakataa. Alimpigia Wahabu, Wahabu akaja mwenyewe siku ya pili na vifaa vyake, akahangaika, akakata tamaa. "Wamefunga na kufuli ya ndani," alisema. "Hii inacheza ya kwao peke yake. Mimi siwezi."

Basi watoto wakacheza hiyo. Wangefanya nini? Walibeba simu na tochi, wakawapita wazee njiani bila kusalimia, wakafika getini. Muziki, jua, *UMEFIKA SALAMA. MWISHO.* Sidonie alisogea mbele kuangalia kama kuna kifungo cha kuendelea. Hakikuwapo. Kioo kikawa cheusi, na kutoka ndani ya ule weusi ikatoka sauti ya mwanamke mwenye hasira: "Mi ni Sidonie, nakaa Rubondo…"

Kibanda kililipuka. "Mama Orpa! Mama Orpa iko mu gemu!" Watoto walirukaruka juu ya mabenchi. Na yeye, tusimfiche, alifurahi. Kwa dakika chache moyo ulimjaa, alisimama hapo akijisikiliza akisema habari za choo na mawe, na jina la Orpa likasikika humo ndani, na Orpa mwenyewe, aliyekuwa ameshika maneti, akamgeukia mama yake na meno yote nje. Siku ile waliirudia gemu mpaka sola ikachoka.

Lakini sauti haikubadilisha geti. Gemu ilibaki vile vile, na malalamiko yake yakabandikwa mkiani kama maombi ya kufungia ibada. Wiki ya pili watoto walikuwa hawarukaruki tena. Wiki ya tatu walikuwa wanapiga kelele zao, wakigombania zamu, wakati yeye anasema *nilianza kulima majiwe*. Sidonie akiwa nje anapepeta maharage alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe kutwa nzima, mwanamke yule yule, hasira ile ile, na hakuna anayemjibu. Ilimchosha. Alitamani kuingia ndani amwambie anyamaze.

Aliyegundua kifungo ni Orpa. Sidonie alikuwa mlangoni, akamwona. Binti alifika getini, muziki ukalia, maandishi yakatokea, sauti ikaanza, "Mi ni Si…" na Orpa akabonyeza kidogo tu kwa kidole gumba, bila hata kutazama. Sauti ikakatika. Akarudi mwanzo, kwenye mfuko.

"Orpa! Unafanya nini pale?"

"Nairuka, mama. Ile fasi haina kitu ya kucheza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaiambia gemu ukweli, kama alivyolelewa. Wenzake wakamwuliza ni kifungo gani, akawaonyesha, na kuanzia saa hiyo Rubondo nzima ilijua. Sidonie alikaa juu ya benchi la nyuma akawatazama, mmoja baada ya mwingine, wakifika salama na kumkata kauli. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuikokota mashine nje na kuirudisha kwa radi. Lakini mabenchi yalikuwa yamejaa, na nyumbani sufuria ilikuwa na kitu.

Kesho yake alikwenda kisimani na dumu lake, akapanga zamu. Alikuwa kimya, na kina mama wakamtazama kwa sababu hawakumzoea kimya. Mariette ndiye aliyejaribu kumchokoza kidogo, kama zamani.

"Sasa, Mama Orpa, hii gemu mupya, hujatuambia. Iko je?"

Sidonie alipandisha miwani kichwani. Akaweka mikono kiunoni.

"Mufuko haubebe sufuria," akasema. "Bantu habasalimiane. Geti haifunguke. Na kwa mwisho kuna mama mumoja anasemaka mingi, batoto banamuruka."

Wakacheka, hata wale waliokuwa mbali na bomba walicheka. Mariette alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Na ule mama, anasema nini?"

"Sijue, dada yangu," akasema Sidonie, akiinama kuweka dumu lake chini ya bomba. "Hakuna mutu mwenye anamuachaka amalize."